Nyama Kwanza

Kwetu nyama ilikuwa ya mwisho. Sidhani kama kuna mtoto wa Effiduase, Ghana, wa umri wangu ambaye hakuchapwa mkono kwa sababu hiyo. Tulikuwa watoto saba tumelizunguka bakuli moja la udongo, donge la fufu ya mihogo na ndizi zilizotwangwa katikati, mchuzi umelizingira, na vipande vya nyama vimekaa juu vikitutazama. Unamega, unachovya, unameza. Hutafuni, anayetafuna fufu ama ni mgonjwa ama ni mgeni. Na nyama huigusi. Unaweza kuisukuma kidogo kwa kidole kana kwamba imekuzibia njia, lakini kuichukua kabla fufu haijaisha ilikuwa ni kumtafuta ubaya Maame Agyeiwaa, mama yangu.

Mimi niliichukua siku moja, nikiwa na miaka sita. Kilikuwa kipande cha ndezi wa kukausha kwa moshi, na harufu yake ilinishinda. Mkono wa Maame ulitua juu ya wangu kabla sijakifikisha mdomoni.

"Leo nyama," akasema, "kesho pochi ya mtu sokoni."

Fufu ilipoisha alikaa akagawa nyama mwenyewe, kama kawaida yake, mkubwa hadi mdogo, na hapakuwa na wa kukata rufaa. Kipande changu siku hiyo kiligawiwa wengine. Nimeanza na habari hii ili mnielewe nikisema kwamba nikiwa na miaka arobaini na mitatu, mtu mzima na mtoto wa kwanza chuoni, nusura adabu initie kaburini.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Tafo, hapa Kumasi, na watu wananijua kwa mambo mawili: mikono miepesi na mwili mkubwa. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na nane. Kwetu hilo si jambo la kumwonea mtu huruma. Maame alikuwa akinitembeza mazishini kama mtu anavyotembeza gari jipya. "Huyu ndiye Pokuaa wangu," alikuwa akiwaambia wenzake. "Mmemwona?" Nao walikuwa wakiniona, kwani ningejificha wapi?

Shida ilikuwa sukari. Baba yangu alikufa kwa kisukari, mguu wake mmoja ukiwa umetangulia kaburini miaka miwili kabla yake. Kilianza kidole kidogo cha kushoto kufa ganzi. Mwaka jana kidole kilekile kwangu mimi kikaanza kufa ganzi, nikakiminya kwa koleo ya nywele nisisikie kitu. Mume wangu Yeboah anafanya kazi migodini Tarkwa. Nilipompigia simu hakunipa hata nafasi ya kulia. Alisema, "Kuna upasuaji Accra, wanapunguza tumbo, sukari inashuka. Tunaenda."

Tukaenda, mwezi wa kwanza. Wakakata sehemu kubwa ya tumbo langu la chakula wakaniachia kipande chembamba cha ukubwa wa ndizi. Maame nikamwambia ni ngiri.

Nitaeleza kwa nini nilidanganya, maana si tabia yangu. Wateja wangu watawaambia kwamba ulimi wangu hauna breki. Mwili ule Maame aliujenga kwa mikono yake. Kila alfajiri ya utoto wangu nilimsikia akitwanga. Ningemwambiaje kwamba alichokijenga ndicho kilichokuwa kinaniua, na kwamba nimewaita watu na visu waje wakipunguze? Nilishindwa. Ngiri haimwumizi mama wa mtu.

Hospitali ilinikabidhi kwa mtaalamu wa lishe hapa Kumasi, dada mmoja wa kabila la Ewe anayeitwa Enyonam, mdogo wa umbo, mkali kama pilipili.

"Madam Pokuaa," akaniambia siku ya kwanza, "tumbo lako sasa hivi ni chumba kimoja cha kupanga. Ukiingiza makochi kwanza, kitanda utakiweka wapi?"

"Kitanda ndiyo nini?"

"Protini. Nyama, samaki, yai, maharage. Hiyo inaingia kwanza, kila mlo, kila siku. Mboga zifuate. Fufu na ndugu zake wakipata nafasi ni bahati yao, na kwa sasa wasiipate. Tafuna mpaka iwe uji. Maji usinywe na chakula. Gramu sitini kwa siku. Usipozifikisha, mwili utakula misuli yako, kisha nywele zako."

Nikacheka. "Dada yangu, kwetu anayeanza na nyama anaitwa mwizi."

"Basi iba," akasema.

Wiki tano za mwanzo niliiba vizuri. Watoto walikuwa chuoni na shule za bweni, Yeboah yuko Tarkwa, jiko lilikuwa langu peke yangu. Mayai laini, samaki wa kusaga, maharage yaliyopondwa, na unga wa protini wa kopo, ule wa kukoroga kwenye maziwa. Sukari ikashuka. Siku moja nikikata kucha za miguu nikajikata kidogo kwenye kile kidole, nikapiga kelele kwa maumivu, kisha nikakaa sakafuni nikamshukuru Mungu kwa yale maumivu.

Wiki ya sita akaja Maame. Amesikia mwanawe amepasuliwa na hana wa kumwangalia. Alishuka na begi lake na kinu kidogo na mchi mfupi alioutoa Effiduase, kana kwamba Kumasi miti imekwisha. Ana miaka sabini na minne. Aliniangalia mlangoni toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu.

"Wamekupasua ngiri au wamekuibia mwili?" akauliza.

"Nitarudi, Maame."

"Utarudi. Mimi nimeshafika."

Siku ya pili nilimkuta jikoni ameshika lile kopo la unga. Lilikuwa na picha ya mwanamume kifua wazi, misuli imemtutumka.

"Pokuaa, huyu asiye na shati ni nani jikoni kwako?"

"Ni maziwa tu, Maame."

"Maziwa ya nani? Ya huyu?" Akalisogeza mbali kidogo alione vizuri. "Hii ni dawa ya wanyanyua vyuma. Unataka kuota ndevu, Yeboah akirudi asijue alale upande gani?" Akaumwaga wote kwenye shimo la takataka, akaliosha kopo, akaweka chumvi ndani yake. Mwenye ngiri anataka unga wa nini?

Kisha likaja bakuli. Maame alisema mgonjwa akila peke yake chakula hakimshuki, kwa hiyo tutakula pamoja, bakuli moja, kama zamani. Kila jioni niliporudi saluni nilimkuta ameketi na kinu chake, fufu tayari, mchuzi mwepesi unatoa mvuke, na nyama juu yake: paja la mbuzi, konokono wakubwa, samaki wa moshi. Protini yote aliyoitaka Enyonam ilikuwa mbele yangu, umbali wa shubiri moja. Lakini mwenye bakuli alikuwa mama yangu, na fufu ilikuwa haijaisha.

Mnaweza kusema, mwanamke mzima, si unyooshe mkono tu? Jaribuni. Mkono wangu ulikuwa na umri wa miaka sita kila ulipofika kwenye lile bakuli. Nilimega fufu kidogo, na kwa mazoea nikameza bila kutafuna, ikakwama kifuani kama jiwe. Mate yakanijaa. Tonge la pili, la tatu, chumba cha kupanga kimejaa makochi. Maame alimaliza iliyobaki polepole, kisha akachagua kipande kikubwa kuliko vyote akaniwekea kiganjani.

"Kula nikuone."

Nilikitia mdomoni. Nilitafuna nikijifanya ninaongea na simu, nikatoka uani, nikakitoa kwenye leso. Kesho yake hivyohivyo. Kutupa nyama aliyonigawia mama yangu, hapo ndipo mkono ulipokataa. Nikawa naviosha vile vipande na kuviweka kwenye kopo tupu la aiskrimu, chini kabisa ya friza, chini ya mabarafu. Vingine sikuvitia mdomoni hata kidogo. Nilijiambia nitavipeleka saluni nile huko. Nilipeleka kimoja. Kilikuwa kigumu, nikakila kwa haraka, na dakika tano baadaye nikakitapika kwenye beseni la kuoshea nywele, mteja akiwa amelala hapohapo kichwa nyuma, macho kayafumba, akiniuliza mbona shampoo yangu mpya inatoa sauti.

Nywele zikaanza kutoka. Kwanza kwenye chanuo, kisha kwenye mto. Nikaanza kufunga kitambaa kazini.

"Msusi anaficha kichwa chake?" mteja mmoja akanitania. "Madam, unatuogopesha. Na sisi utatufanya hivyo?"

Nilicheka naye. Chooni nililia.

Kuna jambo jingine lazima niliseme hapa. Mtaani kwetu kuna mhubiri aliyefunga spika kwenye nguzo ya umeme, na kila alfajiri anatuamsha sote, mwenye dhambi na asiye nayo. Wiki zile alikuwa kwenye mada yake aipendayo, vikongwe wachawi wanaokula watoto wao kiroho. "Unakonda na hospitali hawaoni ugonjwa!" alikuwa akipiga kelele. "Ile nyama aliyokupa bibi kizee jana, uliuliza imetoka wapi?" Mimi nilikuwa nikijifunika shuka. Sikuwahi kufikiri kwamba uani Maame alikuwa anafagia na kusikiliza kila neno.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu nikaenda kwa Enyonam. Alisoma karatasi ya damu, akainama akabonyeza kifundo cha mguu wangu. Kidole chake kikaacha shimo.

"Protini ya damu imeshuka sana," akasema. Hakuwa na mzaha siku hiyo. "Uvimbe huu ndio dalili. Nani anakupikia?"

"Mama yangu."

"Anajua?"

Nikaangalia dirishani.

"Madam Pokuaa, nakupa wiki mbili. Isipopanda nakulaza, tunakulisha kwa mpira wa puani. Sikutishi. Umejiokoa mguu, sasa unataka kufa njaa kwenye nyumba yenye nyama?"

Njia nzima kurudi nyumbani nilifanya mazoezi ya maneno. Maame, kaa chini. Maame, haikuwa ngiri. Nilipofika sikuhitaji kumwambia akae. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni, amevaa kitambaa chake cha safari, begi limefungwa miguuni. Mezani kulikuwa na lile kopo la aiskrimu, wazi, na vipande vya nyama vimepangwa kwa mstari, vinatoa maji. Alikuwa ametafuta samaki kwenye friza akalikuta.

"Kumi na tisa," akasema. "Hiki ni cha Jumapili ya kwanza, nilikikata pajani mwenyewe. Hawa ni konokono niliowasugua kwa ndimu mpaka vidole vikaniwasha."

"Maame..."

"Usiniite Maame. Niite lile jina unaloniita moyoni."

"Jina gani?"

"Lile la kwenye spika."

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa nikashika ukingo wa meza.

"Naona unakonda," akaendelea, sauti yake imetulia, na huo utulivu ndio ulionitisha. "Naona nywele zako kwenye ufagio kila asubuhi. Najiuliza, ni nani anamfanyia mwanangu hivi? Kumbe wewe jibu unalo siku nyingi. Ni mimi. Nyama ya mkono wangu huili, unaificha. Nimezaa saba, nimezika wawili, Pokuaa. Hata msibani hakuna aliyethubutu kuniambia neno hilo. Wewe umeniambia kwa kopo la aiskrimu."

Nililia kama mtoto. Nikavuta blauzi juu nikamwonyesha tumbo, makovu matano madogo.

"Ngiri ina kovu moja, Maame. Hesabu."

Akahesabu. Nami nikamweleza yote, nimesimama, blauzi mkononi: sukari, kidole, Accra, ile ndizi niliyoachiwa.

"Tumbo wamelikata?"

"Wamelikata."

"Kile kipande wamekipeleka wapi?"

"Sijui, Maame."

"Hata hukuuliza! Kitu nilichokijaza miaka kumi na minane, nikiamka kabla ya jogoo, wewe unawaachia watu wa Accra bila hata kuuliza wamekitupa wapi!"

"Ndiyo maana sikukwambia. Nilijua utaona nimekitupa chakula chako chote."

Akaniangalia miguuni.

"Ganzi ilianza kidole gani?"

Nikamwonyesha. Akanivuta nikae, akaupakata mguu wangu mapajani mwake, akanivua kandambili. Kwa miaka miwili alikuwa ameosha kidonda cha baba yangu kila siku asubuhi na jioni, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Akakiminya kidole kwa ukucha.

"Unasikia?"

"Nasikia. Siku hizi nasikia."

Akakiminya tena kwa nguvu zaidi, nikaruka. Hapo ndipo machozi yake yakatoka. "Ungeniambia ni kidole," akasema, "ningekupeleka Accra mgongoni."

Tulikaa hivyo mpaka nyama yote mezani ikayeyuka. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa chake cha safari na kuuliza, kwa sauti yake ya kawaida, "Huyo dada wa hospitali anasema uanze na nini?"

"Nyama."

"Kabla ya fufu?"

"Kabla ya kila kitu."

"Nami nimekuwa nikikupa mwisho. Na wewe unakaa kimya unanitumbulia macho."

"Ni sheria yako, Maame."

"Sheria!" Alilitema lile neno. "Vipande vilikuwa vinne, siku njema vitano. Mlikuwa saba. Ningewaacha muanze na nyama, Ntim angemeza viwili kabla sijakaa, na Dufie mdogo angebaki analamba mchuzi. Fufu ilikuwa ya kushiba, nyama ilikuwa ya kugawana. Sasa bakulini tuko wawili. Sheria inamlinda nani?"

Nikapiga hesabu kichwani. Vipande vitano, watoto saba, na baba alikuwa na sahani yake.

"Na chako kilikuwa kipi?"

"Mimi napenda mifupa," akasema.

Alilisema kama alivyolisema utoto wangu wote, na sisi saba tulikuwa tukimwamini, tukimrushia mifupa tukidhani tunampendelea. Siku ile nilimsikia kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumwomba msamaha lakini alikuwa ameshainuka, anafungua begi, anatafuta kanga yake ya jikoni.

Vile vipande kumi na tisa alivichemsha mpaka vikaachia nyuzi, akavitia kwenye kinu, akavitwanga kwa mchi uleule alioutoa Effiduase kwa ajili ya fufu. Akakoroga na mbegu za agushi, zile za tikiti la kwetu, na yai. Nilikula vijiko sita, vikashuka vyote vizuri. Sijawahi kula chakula kitamu namna ile, na nimekula harusini kwa watu wenye pesa zao.

Wiki mbili zilizofuata nyumba ilikuwa vitani. Maame alichukua simu yangu akampigia Enyonam mwenyewe. "Gramu siijui," akamwambia. "Niambie kwa mkono." Enyonam akamwambia kiganja kimoja cha nyama, bila vidole, kinakaribia ishirini. "Kiganja changu au cha kwake?" Chako, Mama, akajibiwa. Tangu siku hiyo alinipimia kwa kiganja chake, vitatu kwa siku, akivigawa mara tano sita. Alikuja saluni na yai la kuchemsha ndani ya kitambaa, akasimama kati ya wateja. "Fungua mdomo. Tafuna. Bado. Bado. Haya, meza." Wateja walishika mbavu. Mmoja akauliza kama na yeye anaweza kupata huduma hiyo. Maame akamtazama kiuno na kumwambia, "Wewe subiri kwanza ulivyokula jana viishe."

Asubuhi moja mhubiri alipoanza habari za vikongwe na nyama, niliona Maame ameweka ufagio chini. Akatoka barabarani na bakuli la samaki aliyempondaponda, akamsogezea chini ya spika. "Baba mchungaji, onja," akamwambia. "Ndiyo nyama ninayomlisha mwanangu. Kisha uwaambie watu imetoka wapi. Imetoka sokoni, kwa Madam Dapaah, meza ya tatu." Hakuonja. Lakini wiki iliyofuata alihamia kwenye mada ya walevi.

Alhamisi ya pili Enyonam alisoma karatasi mara mbili. Akabonyeza mguu wangu, shimo halikubaki.

"Imepanda," akasema, na tabasamu likamtoroka. "Sikulazi. Nani anakupikia?"

"Mama yangu."

"Anajua?"

"Anajua kuliko wewe."

Nilishukuru pale pale kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuka. Nilimshukuru Enyonam, nikamshukuru Mungu, nikampigia Yeboah Tarkwa tukashukuru wote wawili. Lakini deni la shukrani nililokuwa nalo kubwa zaidi lilikuwa linanisubiri nje kwenye benchi, limeshika yai.

Pasaka tukaenda Effiduase. Jumapili baada ya kanisa wanawake wa nyumba yetu hula pamoja uani, bakuli moja kubwa, na mwenye bakuli ni mama mkubwa Birago, dada yake Maame, ana miaka themanini na moja. Kwake yeye hata Maame ni mtoto. Mama mkubwa hajawahi kuona mkono ukitangulia wake kwenye nyama tangu alipoirithi nafasi ile. Nilimnong'oneza Maame njiani kwamba nitakula mayai yangu pembeni, tusilete maneno.

Tukanawa. Tukakaa. Fufu katikati, mchuzi wa chikichi, nyama juu. Mama mkubwa akasali sala ndefu. Kabla hajamega, nikaona mkono wa mama yangu unanyooka, mkono ule ninaoujua, wenye kovu la mafuta ya moto juu ya kidole gumba. Ukapita juu ya fufu. Ukachukua kipande cha nyama kikubwa kuliko vyote.

"Agyeiwaa," mama mkubwa akasema taratibu, "huo mkono ni wako au umeazima?"

"Ni wangu, dada."

"Njaa imekukuta ukubwani? Kumasi hawakupi chakula?"

Maame alikuwa anakichana kile kipande nyuzi nyuzi, haraka, bila kuinua macho. Akanishika mkono wa kulia, akaufungua, akanijaza nyama kiganjani.

"Huyu anaanza na nyama," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mimi niliposema."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako, dada yangu, na mbele ya mama yetu kama atafufuka leo, maana siku yenyewe ndiyo hii." Sasa aliinua macho. "Mtoto huyu nilimchapa mkono kwa ajili ya nyama, hapahapa, wote mkiwa mmekaa. Sasa nimemrudishia, na nyote mmeona."

Mama mkubwa Birago alimtazama mdogo wake muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi, kitambaa changu kichwani, mashavu yangu yaliyopungua. Sijui aliona nini. Akajipangusa mdomo ingawa alikuwa hajala kitu.

"Basi kama mambo ndiyo hayo," akasema, "mimi nimebaki na meno manne, na kila nikifika kwenye nyama yanakuwa yameshachoka. Na mimi nichanieni."

Uani pakalipuka kwa kicheko. Shangazi mmoja alicheka mpaka akalazimika kunawa tena.

Mimi sikucheka, nilikuwa natafuna. Nilitafuna mpaka ikawa uji, nikameza, nikasikia inashuka. Nusu ya kile kiganja ikanitosha. Chumba changu ni kidogo. Iliyobaki nikaishika, nikamgeukia mama yangu.

"Nimeshiba, Maame. Hii ni yako."

"Kula wewe. Mimi napenda mifupa."

"Haina mfupa," nikasema, nikaufungua mkono wake kama alivyoufungua wangu, nikaiweka humo.

Aliitazama. Watu walikuwa wanaongea, mama mkubwa anagombana na mtu kuhusu chumvi, hakuna aliyekuwa akimwangalia isipokuwa mimi. Akaitia mdomoni akatafuna taratibu, bila haraka yoyote. Fufu alikuwa bado hajaigusa.